Nimfundishe kazi, kisha awe bosi wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Gongo la Mboto. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nalea wazee kwenye kituo cha mtu binafsi hapa hapa Dar es Salaam. Jina la kituo niache, bado nakula hapo. Tuna wazee kumi na tisa: wapo waliopooza, wapo waliopotewa na kumbukumbu, na wawili watatu wazima kabisa ambao shida yao ni kukosa mtu. Uuguzi sikusomea. Niliishia darasa la saba, nikamuuguza mama yangu mzazi kitandani miaka minne, na alipofariki jirani akaniambia kuna mahali wanatafuta mtu wa kufua mashuka. Nikaanzia kwenye beseni. Kwa wazee niliingia siku mfanyakazi mmoja alipoondoka katikati ya zamu na hakurudi.

Miaka mitano nyuma aliletwa binti, ana cheti chake, lakini alikuwa anaogopa hata kumvua mzee shati. Nilimshika mkono mimi. Nilimwonyesha namna ya kumgeuza mtu bila kumvuta kwapa, namna ya kumsafisha mzee wa kiume bila kumwaibisha, namna ya kujua huyu ana maumivu ila hasemi. Mwaka juzi ikatoka nafasi ya msimamizi wa zamu, akapewa yeye. Mimi nikaambiwa, "Mama, uzoefu unao, karatasi huna." Mshahara wake umeuacha wangu kwa laki na nusu. Na mpaka leo ananiita mama, na akikwama usiku ananipigia simu nyumbani saa nane: "Mama, Babu kagoma dawa, nifanyeje?" Nami namwambia, kwa ujinga wangu. Siku ile niliapa simfundishi tena mtu kazi.

Sasa Februari hii akaletwa binti mwingine, nimwite Neema, si jina lake. Ana miaka 22. Alipewa semina ya siku tatu, fulana ya kituo na wazee saba. Wiki ya pili nikamwona anamlisha uji Bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi. Bibi kalala, mto mmoja tu chini ya kichwa. Uji mwepesi, kijiko kikubwa, na anamlishia upande uleule uliolegea. Bibi akakohoa. Nikasikia sauti yake imekuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea ana maji kooni. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya mashuka. Nikapita. Nilisema moyoni, ana semina huyo, waliomfundisha watamwambia.

Baada ya siku mbili Bibi alipandwa na homa, pumzi zikawa fupi, akakimbizwa hospitali, nimonia. Alilazwa siku tisa. Amerudi, mzima, ila mwili umekwisha, na Neema kila akimlisha mikono inamtetemeka. Hajui kwamba nilimwona.

Yupo pia Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Kila usiku saa tisa anaamka, anataka kwenda kazini. Neema alimfungia mlango kwa komeo, Mzee akampiga kibao na kumkwaruza shingo. Mimi huwa nampa kofia yake, nakaa naye kwenye benchi, namwambia meli haijafunga gati, ikifunga watatuita. Dakika kumi na tano, anaomba maji, anarudi kulala. Sijamwambia Neema hilo.

Kinachonileta kwako: mwenye kituo karudi kutoka semina, kasema sisi wakongwe kila mmoja awe "menta" wa vijana watatu kwa miezi mitatu. Nyongeza hakuna. Tena anataka kila Ijumaa nimpelekee ripoti ya mwenendo wa hao mabinti. Mgongo wangu wenyewe unauma, wengi wa wazee nawanyanyua peke yangu. Shangazi, nimfundishe mtu kazi ili kesho awe bosi wangu? Na Bibi yule, nilimtendea mimi?

Mama wa Beseni, Gongo la Mboto

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na Bibi, maana barua yote umeizungushia hapo, hata kwenye mshahara naona kivuli chake.

Mtu aliyepigwa na kiharusi, upande mmoja wa shavu na koo unakuwa hauna habari. Uji mwepesi unafika kooni kabla koo halijajiandaa kufunga, na sehemu yake inaingia njia ya hewa. Ile sauti ya majimaji uliyoisikia ndiyo kengele yenyewe. Neema hakuijua. Wewe uliijua. Siwezi kukwambia hukukosea, na nikikwambia hivyo hutaniamini. Homa ya mzee ina milango mingi, na hakuna atakayeapa kwamba ni kijiko kile. Ila uliona hatari, ukapita.

Lakini usiubebe mzigo huu peke yako. Yupo aliyemkabidhi binti wa miaka 22 wazee saba baada ya siku tatu za semina. Semina ilimwambia Neema, au ilipaswa kumwambia, kwamba mgonjwa wa kiharusi alishwe ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, tonge liende upande wenye nguvu, na akimaliza akae hivyo nusu saa kabla ya kulazwa. Hayo yanaingia kwenye karatasi moja. Kwamba Bibi huyu, yeye mwenyewe, akichoka anafanyaje, anageuzia uso ukutani au anafumba mdomo au anakubali tu kwa heshima huku hamezi, hiyo karatasi haiwezi kuijua. Inajulikana kwa mtu aliyekaa naye. Nami nadhani ndiyo sababu moja kubwa ya kuwapa vijana mtu wa kuwashika mkono kwenye kazi yenu: ugonjwa unasomewa, mzee mmoja mmoja inabidi umfahamu.

Hilo la meli nimelisoma mara tatu. Siku ukipata malaria ukalala nyumbani wiki nzima, nani atamwambia yule Mzee kwamba meli haijafunga gati? Atapigana na komeo usiku saba. Utakuwa umemkomoa msimamizi wako, sawa, ila anayelia saa tisa usiku si msimamizi.

Sasa kinyongo chako. Ni halali, na nisingependa mtu akuambie usamehe upesi. Ulifanya kazi ya ualimu bila jina wala senti, halafu wakakukumbusha darasa la saba. Na hili halikuanzia kituoni kwenu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka familia mbele, na makazi ya kulelea wazee yakawa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo kazi yako wengi wanaiona ni huruma tu, kama vile kila mwanamke anazaliwa anaijua. Kila tarehe 1 Oktoba dunia inaadhimisha siku ya wazee, tangu 1991, na hotuba zinatolewa. Anayewaogesha hao wazee asubuhi hiyo, mara nyingi hata kiti hapewi.

Ila kinyongo umekipeleka siko. Uamuzi ulikuwa wa mwenye kituo, adhabu umempa Neema, na gharama imemwangukia Bibi. Na huyo msimamizi umemwandika kama mwizi, mimi nimemsoma vingine. Mtu mwenye cheti na cheo, saa nane za usiku, anainua simu na kumwamsha mama wa darasa la saba badala ya kubahatisha dawa. Nani alimfundisha kuuliza? Wapo wasimamizi wangapi mjini hapa ambao wangeona aibu? Ulichompa hakikupotea. Tena ndiye anayepanga zamu, na sasa hivi unamhitaji kwa jambo la zamu, nalifikia.

Hilo neno "menta" lisikutishe. Sisi watu wa pwani tulikuwa na somo, tulikuwa na kungwi. Kungwi hakumkusanya mwari ukumbini akamsomea. Alimfanyisha, akamtazama, akamrudisha, na hata usiku wa harusi hakuwa mbali. Tofauti na yule fundi wa gereji ambaye kila akifika kwenye kuseti taimingi anamtuma spana boi akamletee maji ya kunywa. Katika miaka hii mitano, wewe umekuwa wa aina zote mbili, na unajua ni ipi uliyolala nayo vizuri.

Kwa hiyo ukungwi ukubali. Ila usiukubali bure wala kwa mdomo.

Vijana watatu kwa mpigo ni wengi kwa mtu ambaye bado ana wazee wake. Mwombe mwenye kituo uanze na mmoja, Neema, na wiki mbili za kwanza muwe zamu moja, na hesabu ya wazee wenu ipungue kidogo. Hapo ndipo msimamizi wako anapoingia, daftari la zamu liko kwake. Ukimfundisha mtu mnayepishana getini saa moja asubuhi, hujamfundisha. Pili, ipatikane barua, hata ya nusu ukurasa, inayosema wewe ni mlezi wa wafanyakazi wapya, kuanzia lini mpaka lini. Kama wanataka vikao baada ya zamu, hivyo ni kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Sikwambii uende kugombana. Nakwambia uijue kabla hujakaa kwenye kiti cha mbele ya meza yake.

Na hiyo karatasi waliyokuambia huna, itafute. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, unapimwa kwa unachoweza kufanya, unapewa cheti. Kituo chao kipo Chang'ombe. Nenda ukaulize kama kazi yako inaweza kuingia, na barua ya ukungwi uwe nayo mkononi.

Ripoti ya Ijumaa ndiyo iliyonikera kuliko yote. Binti akijua kila anachokuambia kinapanda ghorofani, ataacha kukuambia. Atakuficha kwamba jana alimwangusha Mzee bafuni. Atakuficha kwamba hajui kusoma kipimo cha presha. Mwenye kituo anao msimamizi wa kupima mwenendo, hiyo si kazi yako. Kubaliana naye mapema, Neema akiwa anasikia: jambo linalohatarisha mzee utalisema siku hiyohiyo, tena mtalisema pamoja, machozi, woga na maswali ya kijinga yanabaki kati yenu. Asipokubali, bora useme hapana kwa cheo hicho, umfundishe Neema kimyakimya kama ulivyomfundisha yule wa kwanza.

Unaanzaje? Usianze na maneno. Mlaze Neema kitandani, mto mmoja, kisha mlishe yeye uji kwa kijiko kikubwa huku unaongea na mtu mwingine. Vijiko vitatu vinatosha, na akipaliwa acha. Halafu mketishe, kaa usawa wa macho yake, kijiko kidogo, ngoja ameze, mwangalie koo. Akishaijua tofauti kwa koo lake mwenyewe hutamkumbusha tena. Mwambie pia alale chali bila kujisogeza nusu saa, mchana, feni imezimwa. Ataelewa kwa nini tunasema mgeuze mzee kila saa mbili, na kwa nini saa hizo ni ndefu zaidi umeme ukikatika Februari na shuka limelowa jasho.

Hapo kwenye kugeuza, kuna kitu nataka umwonyeshe kwa kidole, maana mimi kabla kalamu haijaninyakua niliwahi kuuguza, na nilifundishwa vibaya. Vitabu vilituambia kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeupe, sawa. Kwenye ngozi zetu unaweza kusubiri wekundu mpaka nyama ifunguke. Dada mmoja wa wodi, mnene, mkali, alinishika mkono akauweka kwenye nyonga ya mgonjwa, kisha akauhamishia nyonga ya pili. Hakusema kitu. Upande mmoja ulikuwa wa moto kidogo, mgumu kidogo, na rangi imekolea kuliko jirani yake. "Umesikia?" Nilisikia. Kisha akanifundisha kuangalia kwenye mwanga wa dirishani, si chini ya taa, kwenye visigino, kwenye mkia wa uti wa mgongo, nyuma ya masikio kwa wenye miwani. Sijui kama aliwahi kuitwa menta maisha yake.

Mweleze vilevile kwamba mzee aliyekuwa sawa jana na leo anaongea maneno yasiyoeleweka, "uzee" si jibu. Aangalie mkojo, aangalie homa, aulize amekunywa maji kiasi gani, kuna dawa gani mpya, kisha apige simu. Utashangaa ni mara ngapi tunamwita mtu kachanganyikiwa kumbe ana kiu au malaria.

Unapomrekebisha, mrekebishe koridoni. Akimwaga maji mbele ya wazee ukamfokea, wazee watamwita "yule asiyejua" mpaka mwisho wa mkataba, na mzee akimdharau mlezi hakubali tena kuvuliwa nguo naye. Jioni kaeni dakika kumi, muulize swali moja, "Leo umeona nini?" Siku za mwanzo atakuambia hakuna. Mwache. Siku atakayokuambia Babu wa chumba cha pili leo hakuuliza mpira, wakati kesho Simba na Yanga, ujue ameanza kuona.

Na mzee atakufa. Neema hajawahi kukaa na maiti aliyemlisha asubuhi. Siku hiyo usimwachie yeye kutandika kitanda upya ndani ya saa moja kwa ajili ya mgeni anayefuata. Wengi huikimbia kazi hii baada ya msiba wa kwanza, si kwa sababu ya kinyesi wala mshahara, na yule wa kwako aliyeondoka katikati ya zamu ukaingia wewe, mpaka leo hujui alikuwa ametoka chumba gani.

Unaogopa ataondoka na ujuzi wako. Huenda akaondoka. Wengine wanakwenda Muscat, wengine wanaajiriwa majumbani Masaki kwa mshahara mara mbili. Lakini kabla hajaondoka, hiyo miezi mitatu kuna mikono minne kwenye kila kitanda badala ya miwili. Shuka limekunjwa mara mbili chini ya mgongo wa mzee, mmoja kulia, mmoja kushoto, magoti yamekunjwa, "moja, mbili, tatu", mzee anapanda juu ya mto bila mtu kuvunjika kiuno. Kwa mgongo unaouma, hiyo ndiyo nyongeza ya mshahara iliyo karibu kuliko zote.

Limebaki jambo la kumwambia Neema kwamba ulimwona. Mwambie. Usimwambie siku ya kwanza, ataona unamtishia, na usingoje mwezi wa tatu, utakuwa umezoea kuficha. Chagua siku mmemaliza kumlisha Bibi vizuri, ameketi, sauti yake kavu. Mtoke nje, umwambie hivi: siku ile nilipita na ndoo, nikasikia, sikusimama. Usiongeze sababu ya mshahara wala ya yule msimamizi. Anaweza kununa wiki nzima, ni haki yake. Kwa sasa binti anadhani ni yeye peke yake aliyekuwa chumbani, na mikono inamtetemeka kwa sababu hiyo.

Nikishamaliza hapa, na wewe ukishamaliza kusoma, mwite Neema usiku huu mmoja tu, saa tisa, mkalishe benchini upande wa pili wa Mzee. Kofia ampe yeye.

Shangazi